Goti likichanika, siyo lazima kisu

MCHEZAJI akianguka peke yake, hakuna aliyemgusa, kisha akashika goti, jukwaani watu wanatazamana. Herufi tatu zinaanza kutajwa: ACL. Hata majibu ya kipimo cha MRI hayajatoka, mitandaoni msimu wake umeshafungwa na ameshapelekwa chumba cha upasuaji.

Kwa Rodri wa Manchester City ilikuwa hivyo kweli. Aliumia Septemba 22, 2024 dhidi ya Arsenal, akapasuliwa Madrid, mwezi uliofuata akaenda kuchukua Ballon d'Or akitembelea magongo. Kurudi uwanjani ilikuwa Mei 20, 2025 dhidi ya Bournemouth. Miezi minane!

Sasa swali ambalo mashabiki huwa hatuulizi: ni lazima kupasuliwa?

SIYO KILA 'GOTI' NI SAWA

Goti lina ligamenti kubwa nne. Mbili ziko pembeni, mbili zinapishana katikati. Ile ya upande wa ndani, MCL, mara nyingi hupona bila kisu: mchezaji anavalishwa kifaa cha kushikilia goti na kufanya mazoezi tiba. Ndiyo maana mmoja anarudi baada ya wiki kadhaa na mwenzake anakosa msimu, wakati taarifa za klabu zote zinasema tu 'ameumia goti'.

Kesi ngumu ni ACL. Hii inazuia mfupa wa chini usiteleze kwenda mbele na inalishika goti mchezaji anapogeuka ghafla. Ikikatika, kwa kawaida daktari anatengeneza nyingine kwa kano iliyochukuliwa nyuma ya paja au chini ya kifuniko cha goti.

SWEDEN WALIJARIBU

Mwaka 2010 watafiti wa Sweden walitoa matokeo ya vijana 121 waliochanika ACL. Kundi moja lilipasuliwa mapema. La pili, watu 59, lilianza na mazoezi tiba, na kisu kikawekwa akiba. Baada ya miaka miwili, 23 tu kati ya hao 59 ndio waliohitaji upasuaji huo, na hali za magoti ya makundi yote mawili hazikupishana kwa maana. Baada ya miaka mitano waliopasuliwa walifika 30. Nusu nyingine waliendelea bila kisu.

Lakini tusikimbilie kushangilia. Utafiti huo haukuhusisha wanasoka wa kulipwa. Halafu mwaka 2022 Waingereza walitoa wa kwao, wenye wagonjwa 316 ambao magoti yao yalikuwa yameumia kitambo na bado yanayumba. Hapo upasuaji ulishinda.

Kwa hiyo cha kutazama ni kama goti linatulia au linaachia, na kama meniskasi, ile gegedu iliyo katikati ya mifupa, nayo imeharibika. Goti linaloachia kila mtu akigeuka linaitafuna meniskasi hiyo, na hapo kusubiri kunakuwa hasara.

Kwa mchezaji wa kulipwa, anayegeuka kwa kasi mara nyingi katika dakika 90, kisu bado ndiyo njia ya kawaida. Hata hivyo, mwaka 2015 madaktari waliandika kisa cha mchezaji wa Ligi Kuu England aliyekatika ACL kabisa, hakupasuliwa, na akarudi kucheza kabla ya wiki nane kutimia. Ni mmoja tu, hawezi kuwa kanuni. Anachoonyesha ni kwamba mlango upo.

KISU PEKE YAKE HAKITOSHI

Wanaodhani upasuaji unamaliza kazi, wasikie hii. Katika utafiti wa klabu kubwa za Ulaya, zaidi ya asilimia 90 ya waliopasuliwa walirudi uwanjani, lakini baada ya miaka mitatu ni asilimia 65 tu waliokuwa wakicheza kiwango kilekile. Utafiti mwingine wa Norway ulionyesha kila mwezi waliosubiri kabla ya kurudi, hadi kufika miezi tisa, hatari ya kuumia tena ilipungua kwa karibu nusu.

Hapo ndipo presha inapoumiza. Kocha anamtaka, mashabiki tunamtaka, mkataba unakaribia kuisha, na kijana anarudi mwezi wa sita.

Na nyumbani? Anayechanika kwenye ndondo hana klabu ya kumlipia. Upasuaji wa goti unafanyika hapa hapa, MOI ya Muhimbili ikiwemo, ila wengi wanaishia kufunga bandeji na kurudi uwanjani wiki ya tatu. Hiyo siyo tiba bila upasuaji. Tiba bila upasuaji ni miezi ya mazoezi chini ya mtaalamu, kupima nguvu ya mguu na kukaa mbali na mpira hadi goti litulie. Kama unamfahamu kijana wa mtaani kwako anayecheza huku goti linamuachia, mwambie asimame akapimwe kwanza.