MWALIMU WA INTANETI ASIACHWE PEKE YAKE



Huenda wengine wenu watauliza, kwa nini karatasi yetu ya watu wa reli iandike habari za walimu? Jibu ni fupi. Mwalimu naye ni mfanyakazi kama sisi, na kazi yake ni watoto wetu. Kazi hiyo ikiharibika, hasara ni yetu.

Twakumbuka mwaka wa 2020. Tarehe 15 Machi Serikali ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani mpaka tarehe 4 Januari 2021. Katika miezi ile walimu wengi wa sekondari waliambiwa wafundishe kwa simu na kwa intaneti.

Jirani yangu mmoja alikuwa miongoni mwao. Yeye hufundisha hesabu. Jioni moja alinieleza kwamba huita majina arobaini, wakaitika tisa, naye akaendelea kufundisha kioo cheusi bila kuona uso wa mtoto hata mmoja. Jambo lililomuumiza zaidi ni hili: alidhani ni yeye peke yake asiyeiweza kazi. Hakujua kwamba mwenzake wa shule ya pili alikuwa na taabu ile ile.

Mimi nilipoingia karakana nilikuwa nimesoma kitabu cha breki. Lakini sauti ya hewa inayovuja sikuijua kwa kitabu. Niliijua kwa sababu fundi aliyenitangulia alinishika bega akaniambia, "Sikiliza hapa." Walimu nao hujifunza hivyo. Katika shule ya kawaida kuna chumba cha walimu. Wakati wa chai mmoja husema, "Somo langu la leo limekwama," na mwingine humwonyesha njia. Basi kwenye intaneti chumba hicho hakipo. Yafaa kijengwe kwa makusudi.

Kazi ya namna hii si ngeni duniani. Huko Japani, kwa zaidi ya miaka mia, walimu wamekuwa wakitayarisha somo moja pamoja. Mmoja hulifundisha, wenzake hutazama, kisha wote huketi kulizungumza somo, wala si kumsema mwalimu. Hapa Kenya, tangu mwaka wa 1998, walimu wa hesabu na sayansi wa sekondari walifundishana wilaya kwa wilaya katika mpango wa SMASSE, kwa msaada wa Wajapani. Ulianza katika wilaya 9 ukaenea nchi nzima. Huko Marekani, walimu hukutana katika vikundi na kujiuliza: Tulitaka mwanafunzi ajue nini? Tutajuaje kwamba amejua? Asiyejua tutamsaidiaje? Na huko huko, jimbo la Florida limekuwa na shule ya umma ya kufundisha kwa intaneti tangu mwaka wa 1997. Basi kufundisha kwa intaneti hakukuja na korona, wala hakukuondoka nayo.

Jirani yangu na wenzake wanne walianza kukutana kwa simu kila Jumamosi jioni. Mmoja alikuwa amegundua kwamba ukituma swali kwanza kwa maandishi, mtoto akalifanya daftarini na kurudisha picha yake, utaona mahali alipokosea. Wote wakaifuata njia hiyo. Wakagawana kazi: huyu atayarishe somo la grafu, yule la aljebra. Mzigo ukapungua.

Kisha mkuu wa shule mmoja akaingia katika mazungumzo yao akitaka orodha ya waliohudhuria na ripoti ya kila juma. Tangu siku hiyo hakuna aliyesema tena, "Somo langu limeshindwa." Nani atakubali kosa lake mbele ya mtu anayeandika faili yake? Kikundi kikafa.

Ndugu, hapo ndipo penye jambo lenyewe. Kikundi cha kujifunza si kikundi cha kukaguliwa. Ukaguzi una mahali pake, lakini viwili hivi havikai chungu kimoja.

Tena kuna habari ya fedha. Mwaka wa 2021 Tume ya Kuajiri Walimu ilipoanzisha mafunzo yake, mwalimu alitakiwa kulipa shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake, na walimu wakalalamika. Nasi twauliza: ni fundi gani wa karakana anayelipa ili afundishwe injini ya tajiri wake?

Wako watakaosema walimu wana likizo, wakutane wakati huo. Hatukubali. Somo lililokwama Jumatatu halingoji mwezi wa Agosti. Na kujifunza kazi ni kazi.

Basi wale wenu mlio katika bodi za shule na vyama vya wazazi, ulizeni mambo matatu. Kwanza, mwalimu anayefundisha kwa intaneti apewe saa moja kila juma, ndani ya saa za kazi, akutane na wenzake wa somo lake, hata wa shule nyingine. Pili, gharama za intaneti zisitoke katika mshahara wake. Tatu, mazungumzo yao yawe yao, wala yasiandikwe katika faili ya mtu.

Haya si mambo makubwa. Saa moja kwa juma ni kidogo kuliko muda tunaongoja treni iliyochelewa. Lakini kwa mwalimu anayeongea na kioo cheusi, saa hiyo ndiyo tofauti ya kuendelea na kukata tamaa. Na nyuma ya kioo hicho yupo mtoto wako.

Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mhariri