Mwanafunzi wa Dawa na Deni Lake

Tangu 1974 Muhimbili inafundisha wafamasia wa taifa hili. Tunawakumbusha wanaosoma famakolojia, yaani elimu ya utendaji wa dawa mwilini, kwamba kukariri majina kwa ajili ya mtihani hakutoshi. Mwaka 2001 klorokwini iliondolewa kuwa tiba ya kwanza ya malaria nchini. 2006 SP nayo ikaanza kuipisha dawa mseto. Sababu ni moja: vimelea vilikwisha kuzizoea.

Mwananchi anunuaye nusu dozi dukani huvifundisha vijidudu ukaidi. Nani atamwelewesha kwa lugha yake? Hapana budi awe yule aliyesomeshwa kwa jasho la wakulima na wafanyakazi. Elimu isiyofika kijijini ni deni lisilolipwa.