Kula kwa kiasi: funzo la panya na haki ya mtoto

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, mwaka 1935 Clive McCay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kuwa panya waliopunguziwa chakula, bila kunyimwa vitamini na madini, waliishi muda mrefu kuliko waliokula watakavyo. Mwaka 2003 watafiti wengine waliiondoa jeni ya kipokezi cha insulini katika seli za mafuta za panya. Panya hao walikula kama wenzao, lakini wakabaki wembamba, na umri wao ukaongezeka kwa takriban asilimia 18. Insulini ndiyo homoni iingizayo sukari katika seli na kuuamuru mwili ukue na uweke akiba. Amri hiyo ikipungua, mwili hupata wasaa wa kujikarabati.

Wapo watakaokimbilia kusema kwamba njaa ni dawa. La hasha! Panya wa McCay walianza kunyimwa wangali wadogo, nao walidumaa. Jambo hili latuhusu sana sisi wa Mbinga na wa mwambao wa Nyasa, kutoka Lituhi hadi Mbamba Bay. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto anayeshindia ugali wa muhogo mtupu hahitaji kupunguziwa. Yeye anahitaji kuongezewa usipa, maharage na mboga.

Wa kupunguza ni mtu mzima aliyeshiba. Mtume (S.A.W.) ametufunza kuligawa tumbo mafungu matatu: chakula, kinywaji na pumzi. Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, inatukataza israfu. Vipi basi tufunge mchana kutwa, kisha futari igeuke karamu ya kulipiza? Na vipi baba atengewe minofu, watoto wabakiziwe mchuzi?

Saumu ni ibada, wala haingoji ushahidi wa panya. Mgonjwa wa kisukari, hasa anayedunga insulini, amwone daktari kabla ya Ramadhani. Sheria imempa ruhusa. Nasi wazima, kipande tunachojizuia kukila kiende katika sahani ya mtoto, au kwa jirani mwenye njaa.

Wabillahi tawfiq.