Balbu ya Kwanza Iwekwe Chumba cha Kujifungulia

Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha Wilaya ya Kilwa, imekuwa ikizalisha umeme Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Hata hivyo, katika mwambao wa Lindi koroboi haijaisha majumbani, na si jambo geni mkunga kumpokea mtoto kwa mwanga wa tochi ya simu.

Taa za LED zimelipunguza tatizo hili. Balbu ya wati 9 hukaribiana kwa mwanga na ile ya zamani ya wati 60, hivyo hata umeme wa sola na betri ya wastani huweza kuiwasha usiku kucha. Wavuvi wengi wa dagaa walilitambua hilo mapema, wakaziacha karabai zao.

Ninachopinga ni utaratibu. Taa mpya huanzia langoni na barazani, mbele ya macho ya wageni. Ya kwanza ilistahili kuwa juu ya kitanda cha kujifungulia, na ya pili katika njia ya chooni.

Wala si balbu yoyote. Nyingi za bei rahisi hutoa mwanga wenye wekundu hafifu. Muuza duka hatajali. Mkunga lazima ajali, kwani kazi yake ni kusoma wekundu: utando wa ndani wa kope za mjamzito, midomo ya kichanga, damu baada ya kujifungua, ambayo ikifika mililita 500 ni hatari. Chini ya mwanga wa aina hiyo, mama aliyepungukiwa damu huweza kufanana na mwenye damu ya kutosha. Kwenye kasha la balbu tazama herufi CRI au Ra. Balbu za kawaida ni 80. Chumba cha uchunguzi chahitaji 90 au zaidi. Bei ni kubwa kidogo, lakini zahanati yahitaji chache tu.

Chumbani kwa kulala hesabu ni nyingine. Mwanga mweupe wenye usamawati hupunguza melatonini, homoni ya usingizi. Hapo yafaa balbu ya manjano, isiyozidi 3000K. Koroboi nayo iondoke: moshi wake hudhuru mapafu, na ikipinduka huunguza watoto.

Naziomba kamati za zahanati, zinapopitisha orodha ya manunuzi, ziandike namba hiyo, 90, badala ya neno “balbu” peke yake.