Tabora Itabaki na Nini Dhahabu Ikiisha?

Msafiri Mwingereza Richard Burton alipita Tura mwaka 1857, akitokea katika nyika kavu ya Mgunda Mkali, na aliandika kwamba jina la mahali hapo lina maana ya "tua", yaani tua mzigo. Jina lilistahili. Kila msafara uliotoka pwani kwenda Unyanyembe, na kila msafara uliorudi Bagamoyo na pembe za ndovu, ulikawia hapo: wapagazi wapumzike, nafaka inunuliwe, mambo ya njia yatengenezwe.

Pembe zilipita kwa maelfu. Watemi wa nchi hiyo walitoza hongo, wakalipwa kwa merikani, kaniki na shanga. Baadaye nguo zilichakaa, shanga zikakatika, tembo wakapungua, na reli ilipofika Tabora mwaka 1912 biashara ya misafara ikafa kifo chake. Kilichosalia hadi leo katika njia ile ni miembe. Aliyepanda mwembe, ambaye pengine hakuwa na cheo chochote, aliiachia Tabora kitu ambacho hongo yote ya watemi haikuiachia.

Habari hii ya kale yafaa ikumbukwe na watumishi wa umma wa mkoa wa Tabora, kwa sababu msafara mwingine umo njiani. Safari hii mzigo ni madini.

Si kwamba Wanyamwezi na Wasumbwa hawakuyajua madini zamani. Chumvi ya Uvinza ilibebwa kwa mabega yao. Msiri, aliyekwenda kujenga himaya huko Katanga kwa biashara ya shaba na pembe, alitoka katika nchi hizi hizi. Lakini uchimbaji wa mitambo, ule wa kubomoa kilima na kuacha shimo, mkoa uliujua kwa kipimo kikubwa mwishoni mwa mwaka 1998, pale mgodi wa Golden Pride ulipoanza kutoa dhahabu huko Lusu, wilayani Nzega. Ulikuwa wa kwanza miongoni mwa migodi mikubwa ya kisasa ya dhahabu iliyofunguliwa nchini katika miaka ile. Geita na Bulyanhulu ilifuata baadaye. Uliendeshwa na kampuni ya Resolute ya Australia, na ulipofungwa, kati ya mwaka 2013 na 2014, ulikuwa umekwisha kutoa zaidi ya aunsi milioni 2. Kwa mizani ya kawaida hizo ni tani 60 na ushei.

Tani 60 za dhahabu zilitoka katika wilaya moja kwa muda wa miaka 15 tu. Mtoto aliyezaliwa Lusu siku mgodi ulipofunguliwa hakuwa amemaliza sekondari ulipofungwa.

Ni kweli kwamba mgodi uliajiri watu, ulinunua vyakula, na ulilipa kodi za Serikali kwa mujibu wa sheria za wakati ule. Ni kweli pia kwamba eneo lake lilikusudiwa kutumika kwa mafunzo ya madini baada ya kufungwa, na hilo ni jambo jema. Lakini swali la haki ni hili: halmashauri yenyewe ilijenga nini cha kudumu kwa mapato yake kutokana na dhahabu hiyo? Mtu asikimbilie kuwalaumu wageni peke yao. Mikataba ya migodi mikubwa ya wakati ule iliweka kwamba halmashauri ilipwe dola 200,000 kwa mwaka, badala ya ushuru wa huduma uliokuwa asilimia 0.3 ya mauzo, uliotokana na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982. Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Mgodi uuzao dhahabu ya dola milioni 200 kwa mwaka ungedaiwa dola 600,000 kwa kipimo cha sheria. Tofauti ni dola 400,000 kila mwaka. Shule ngapi zingejengwa? Visima vingapi? Na madai ya ushuru huo huko Nzega yalikuja kupazwa sauti mgodi ukiwa unaelekea ukingoni. Anayekumbuka kudai wakati mgeni anafunga mizigo yake hana budi kupokea atakachopewa.

Tangu siku hizo sheria zimebadilika sana. Mrabaha wa dhahabu, uliokuwa asilimia 3 chini ya sheria ya mwaka 1998, ulipandishwa kuwa asilimia 4 mwaka 2010, na asilimia 6 mwaka 2017. Mwaka huo huo wa 2017 Bunge liliweka kwamba Serikali iwe na hisa zisizopungua asilimia 16 katika mgodi mkubwa, na kwamba mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuwahudumia wananchi wanaouzunguka mgodi, mpango ambao lazima ukubaliwe na halmashauri. Masoko ya madini, yaliyoanzia Geita Machi 2019 na kuenea mikoani, yalimpa mchimbaji mdogo mahali pa kupimiwa dhahabu yake kwa mizani inayoonekana na kwa bei inayojulikana. Kwa hiyo haifai tena kusema kwamba kasoro iko katika sheria tu.

Wapo wasemao kwamba mkoa hauna sera ya madini na hauwezi kuwa nayo, kwa kuwa madini yote ni mali ya Jamhuri ya Muungano, leseni hutolewa na Tume ya Madini, na mkoa kazi yake ni kupokea barua. Kauli hii ina ukweli nusu, na ukweli nusu huwastarehesha sana wavivu. Mkoa hautoi leseni, naam. Lakini nani anapanga matumizi ya ardhi ya vijiji? Nani anatoza ushuru wa huduma? Nani anakaa na mwenye mgodi kukubaliana kwamba mwaka huu ijengwe zahanati na siyo jukwaa la sherehe? Nani analinda msitu, nani anafundisha watoto, nani anasimamia afya? Yote hayo ni kazi ya watumishi wa mkoa, wilaya, kata na vijiji. Ukiyaweka pamoja kwenye karatasi moja, ukaandika nani afanye nini na kwa tarehe ipi, hiyo ndiyo sera ya mkoa.

Jambo la kwanza ni daftari. Halmashauri isiyojua ni gramu ngapi zimeuzwa haiwezi kujua ni shilingi ngapi inadai. Takwimu za mauzo zipo katika soko la madini na kwa Afisa Madini Mkazi. Mhasibu wa halmashauri akizichukua kila robo mwaka, akazilinganisha na stakabadhi za ushuru zilizoingia, kazi hiyo ni ya siku mbili. Isipofanywa, deni hulala miaka kumi na mwisho hugeuka hotuba. Vilevile fedha hizo zitengwe katika kifungu chake zenyewe. Fedha ya madini si sawa na ushuru wa gulio, ambao mwakani utakuja tena. Dhahabu ikitoka ardhini hairudi, na si halali shimo lichimbwe Lusu ili kulipia posho za vikao na mafuta ya magari.

Historia ya upande huu wa nchi ina mfano ambao watu wameusahau. Ukoloni ulipotaka risasi ya Mpanda, wakati Mpanda ikiwa katika Jimbo la Magharibi lililoongozwa kutoka Tabora, ilijengwa njia ya reli kutoka Kaliua hadi Mpanda. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Waliojenga reli hiyo hawakuwa na nia ya kumsaidia Mtanganyika, wala hapana sababu ya kuwashukuru. Walitaka madini yao yafike bandarini. Hata hivyo mgodi ulikufa, na reli ikaendelea kubeba abiria na mazao ya wakulima kwa miongo mingi baada yake. Kama kitu chenye manufaa kiliweza kubaki pasipo kukusudiwa, kipi kingeweza kubaki kikikusudiwa? Mgodi wa Buzwagi, huko Kahama, ulipofungwa mwaka 2021, eneo lake lilipangiwa kuwa la viwanda. Hayo ndiyo mawazo yanayotakiwa, na wakati wa kuyawaza ni siku mgodi unapofunguliwa.

Machimbo madogo yana habari yake. Inapovuma rashi, yaani habari ya dhahabu mpya, watu hufika kwa mamia kabla ya afisa yeyote. Maduara huchimbwa usiku na mchana. Miti ya miombo hukatwa ili iwe matimba ya kushikilia kuta za shimo, katika mkoa ambao misitu yake ndiyo mizinga ya asali, na ambayo tayari inalemewa na moto wa kukaushia tumbaku. Makarasha huletwa, mialo huanzishwa kandokando ya maji, na zebaki huchanganywa kwa mikono mitupu, mara nyingi mikono ya akina mama. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Lakini mkataba huo hausomwi kwenye mwalo. Ofisa wa afya ndiye anayepaswa kuupeleka huko, kwa lugha nyepesi, na kwa kurudi mara kwa mara.

Na mwalimu ndiye wa kwanza kuijua rashi, hata kabla ya mkuu wa wilaya. Huijua kwa madawati. Wavulana wa darasa la sita na la saba hupungua mmoja mmoja, wakaenda kuvuta kamba au kuponda mawe, na anayerudi hurudi na simu mpya mfukoni, akiwacheka wenzake wenye kalamu. Kumchapa mtoro huyo hakuondoi sababu ya utoro. Laiti taarifa ya mahudhurio, ambayo walimu huijaza kila mwezi, ingesomwa pia na ofisi zinazohusika na ardhi na madini! Ingekuwa kengele ya mapema kuliko zote. Leseni za uchimbaji mdogo ni za raia wa Tanzania peke yao, na mwaka 2019 kodi zilizokuwa zikiwaelemea wachimbaji wadogo, yaani asilimia 18 ya ongezeko la thamani na asilimia 5 ya zuio, ziliondolewa. Basi kijana wa Nzega au Sikonge anayo njia halali ya kuwa mwenye leseni badala ya kuwa mponda mawe wa mwingine. Ila hataijua njia hiyo ikiwa hakuna aliyemfundisha kusoma ramani, kupima eneo na kuweka hesabu.

Turudi Tura. Kata hiyo ya wilaya ya Uyui haina mgodi wa dhahabu unaotajwa, na kwa sababu hiyo ni rahisi kudhani kwamba haihusiki. Lakini madini si dhahabu tu. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora ulitiwa saini Desemba 2021, na reli hiyo inaifuata ile njia ya misafara, kama ilivyofanya reli ya Wajerumani kabla yake. Reli hula mawe, kokoto, mchanga na kifusi kwa kiasi kisichoelezeka, na vyote hivyo kisheria ni madini, vyenye leseni yake na malipo yake. Kisha hubaki mashimo. Shimo la kifusi lisilofukiwa hujaa maji ya mvua, likazalisha mbu, likahatarisha watoto na mifugo. Tofauti na shimo la dhahabu, halina hata sifa ya kuandikwa gazetini.

Hapo ndipo pa kuanzia, kwa kuwa ni padogo na panawezekana. Mtendaji wa kata na wenyeviti wa vijiji vilivyo kandokando ya reli, kuanzia Tura hadi mlangoni mwa Tabora, waandike kila shimo: liko wapi, ni la nani, lilichimbwa kwa leseni ipi, kijiji kililipwa nini. Wananchi waamue katika mkutano wa kijiji lipi lifukiwe na lipi litengenezwe kuwa lambo la kunyweshea ng'ombe. Uamuzi huo upigwe muhuri na kupelekwa halmashauri huko Isikizya, nakala kwa Afisa Madini Mkazi, kabla mkandarasi hajapokea malipo yake ya mwisho na kuhamisha mitambo.