Kambi Ziwe za Vijana Wetu Pia

Wapo wananchi wanaoamini kwamba kupiga kambi mlimani au msituni kwa ajili ya mapumziko ni anasa ya wageni. Fikra hiyo haina msingi wowote katika historia yetu, na hasa katika historia ya Tabora.

Katika karne ya 19 Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Walijua mahali penye maji, na walijua namna ya kuizungushia kambi boma la miiba. Lakini hema walilolibeba lilikuwa la kulala mtu mwingine. Stanley alipokutana na Livingstone huko Ujiji mwaka 1871, majina ya wageni hao wawili yalienea duniani. Majina ya wapagazi wengi yalipotea njiani.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikachukua kazi ya mabega ya watu. Leo mwisho wa reli hiyo ni mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, iliyotangazwa mwaka 1968, na ya Mahale, iliyotangazwa mwaka 1985. Huko Mahale mlima Nkungwe umefikia mita 2,462 juu ya usawa wa bahari, na msitu wenye sokwe unateremka hadi ufukweni. Wageni huvuka bahari ili walale huko. Je, kijana wa Tabora atafika huko akiwa mpishi na mchukuzi tu? Kazi hizo ni halali na zina heshima yake, lakini nchi ni yake pia.

Jambo hili si la starehe tu. Miti ya miombo mkoani Tabora inakatwa kwa mkaa na kwa kukaushia tumbaku. Kijana ambaye hajapata kulala msituni atauona msitu kuwa kuni tu. Aliyelala humo, akasikia maji na ndege wake, atakuwa mlinzi wake bila kushurutishwa.

Kwa hiyo hatuna budi kuchukua hatua. Kiingilio cha raia hifadhini ni kidogo kuliko cha mgeni. Kinachomshinda mwanafunzi ni nauli, boti na hema. Halmashauri na shule zishirikiane kununua mahema machache yatakayotumiwa kwa zamu wakati wa likizo. Kambi zianzie karibu, katika Hifadhi ya Mto Ugalla, kisha zifike Mahale. Wazee wa Kitongwe, ambao watu wao waliishi katika milima hiyo kabla haijawa hifadhi, waalikwe wawe walimu. Na nidhamu iwepo: moto uzimwe, taka zirudishwe, na mwenye mafua asiwakaribie sokwe, kwani maradhi yetu huwaua.

Wazee wetu walibeba mahema ya wengine kwa miaka mingi. Wajukuu wao sasa walale ndani ya mahema yao wenyewe.