Zebaki Haipotelei Motoni

Wiki hii tunabisha hodi katika nyumba za Geita na Shinyanga ambamo dhahabu ya wachimbaji wadogo huchomwa juu ya jiko lile lile linaloivisha uji wa watoto.

Desturi yenyewe inajulikana. Mchanga uliosagwa huoshwa, ukachanganywa na zebaki, nayo hushikamana na dhahabu hata likapatikana bonge la rangi ya fedha. Bonge huchomwa, ikabaki dhahabu, na watu husema zebaki imeisha. Tuipime kauli hiyo kwa mizani. Tuseme bonge lilikuwa gramu 10, na baada ya moto zimebaki gramu 6. Je, gramu 4 zimekwenda wapi?

Jibu lilipatikana zamani, tena kwa zebaki yenyewe. Mwanakemia wa Ufaransa, Antoine Lavoisier, aliipasha moto kwa siku 12 katika chombo kilichozuia hewa ya nje, ikaungana na sehemu ya hewa iliyokuwamo, ukatokea unga mwekundu. Akauchoma unga huo, uliokuwa na uzito wa punje 45 kwa vipimo vya zama zile. Akapata zebaki punje 41 na nusu, na gesi aliyoikadiria kuwa punje 3 na nusu hadi 4. Vitu viligeuka, uzito haukupotea.

Basi zile gramu 4 nazo zipo. Zimekuwa mvuke usioonekana wala kunusika, umevutwa kwa pumzi, na mwingine umepoa na kutua ukutani na vyomboni. Mvuke huo hudhuru ubongo, neva na figo, na humfikia hata mtoto aliye tumboni.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Kwa asiyeweza bado kuiacha, ipo ritoti, chombo kilichofungwa chenye bomba la kupoza mvuke urudi kuwa zebaki. Itumike nje, mbali na makazi, kisha mizani iamue. Ikiwa dhahabu ni gramu 6 na zebaki iliyorudi ni 3 na nusu, nusu gramu imetoroka, chombo kikaguliwe.

Sokoni hatukubali kupunjwa hata chembe ya dhahabu. Basi tusikubali pia hesabu pungufu ya sumu, kwani kinachokosekana kwenye mizani huenda kimo vifuani mwa watoto wetu, nao ni amana tutakayoulizwa.